KWA NINI MNYAMA ANABADILIKA SURA KATIKATI YA FILME?



Wengi wetu tuliisha kutazama filme za Wajapani zenye wanyama wakubwa kupita nyumba: Godzilla, Gamera na wenzao. Mtu anayeangalia vizuri anaona jambo la kushangaza. Mnyama anaingia mjini na uso mmoja, kisha dakika mbili ana uso mwingine. Ao filme iko ya rangi, mara inakuwa nyeusi na nyeupe, kisha rangi inarudi. Hapo watu wanacheka na kusema: «Mashini imeharibika!» Hapana, mashini iko nzima. Tunachokiona ni kiraka. Leo tunataka kueleza namna viraka vya filme vinavyoshonwa, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa Masisi kuliko tunavyofikiri.

A. FEZA NJO MWANZO WA MAMBO

Filme ya kwanza ya Godzilla ilitoka mwaka wa 1954. Bwana Ishiro Honda aliiongoza, na bwana Eiji Tsuburaya alisimamia mambo ya mnyama na ya mji unaovunjwa. Mnyama alikuwa mtu aliyevaa vazi zito la mpira. Mji ulikuwa vijumba vidogo vilivyojengwa kwa mikono ya mafundi.

Sasa, namna gani kijumba kinachofika kifua cha mtu kinaonekana kama jengo la orofa kumi? Siri ni mwendo wa kamera. Filme inaonyeshwa kwa picha 24 kila sekunde. Ukikamata picha 72 kwa sekunde moja, halafu ukazionyesha kwa mwendo wa 24, jambo la sekunde 1 linachukua sekunde 3. Kijumba kinaanguka polepole, kama kitu kizito sana, na macho yetu yanadanganyika.

Lakini tufikiri gharama. Fundi anajenga, anapaka rangi, anaweka taa ndogo katika madirisha. Mnyama anapita mara moja, yote imekuwa takataka. Ukitaka kuvunja mji tena, lazima ujenge mji tena. Wakati feza ilikuwapo, walijenga tena. Lakini televizyo iliingia katika nyumba za Wajapani, na watu wakapunguza kwenda sinema. Mwaka wa 1958 tiketi za sinema zilizouzwa Japani zilipita milioni 1,100. Mwaka wa 1970 zilikuwa karibu milioni 250 tu. Feza ya filme ikapungua vilevile.

Basi wenye filme wakafanya kama vile baba anayejenga nyumba mpya bila feza ya mabati: akapanda juu ya nyumba ya zamani, akang'oa yale mabati ambayo hayajaoza. Wakafungua sanduku la filme za zamani, wakakata vipande vya vita na moto, wakavishona katika hadithi mpya.

B. KIRAKA KIBAYA NA KIRAKA KIZURI

Gamera ni kobe mkubwa anayeruka, wa kompani Daiei. Filme yake ya kwanza, ya mwaka wa 1965, ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mwaka wa 1968 walitoa nyingine ya rangi, ambamo anapigana na Viras. Watu waliotoka katika nyota wanamtawala kobe na kumwamuru avunje miji. Kuvunja kule kulitoka katika filme za nyuma, na ile ya 1965 ilibaki nyeusi na nyeupe vile ilivyokuwa. Njo ile rangi inayopotea na kurudi!

Daiei ilianguka mwaka wa 1971. Mwaka wa 1980, kompani ilipokwisha kusimamishwa tena, walitoa filme nyingine ya Gamera. Karibu mapigano yote ya wanyama yalikatwa katika filme zilizotangulia. Mtu aliyeziona zile za nyuma alilipa tiketi ili aone mambo aliyokwisha kuona.

Lakini tusihukumu haraka. Mwaka wa 1969 Honda alitengeneza filme ya mtoto mmoja jina lake Ichiro. Wazazi wanafanya kazi, yeye anabaki peke yake, na watoto wengine wanamwonea. Anapolala, anaota kisiwa cha wanyama wakubwa. Mapigano mengi anayoyaona kule yalitoka katika filme za 1966 na 1967, na ndiyo sababu uso wa Godzilla unabadilika-badilika. Lakini hapa kiraka kina akili: mtoto anayependa sinema, akilala ataota nini? Ataota sinema aliyoiona! Mtazamaji anajua kwamba ni ndoto. Hakuna anayeambiwa kwamba mambo haya yametokea jana.

Hapo tunapata kipimo chetu. Kutumia kitu cha zamani si zambi, na umaskini si haya. Swali ni hili: mtazamaji anajulishwa, ao anafichwa?

C. INCHI ZETU PIA ZILIKATWA VIRAKA

Msifikiri mambo haya ni ya Japani tu. Wamarekani wenye feza nyingi walifanya vilevile, na nguo waliyoikata ilikuwa yetu.

Mwaka wa 1929 kompani MGM ilituma watu Afrika pamoja na mwongozaji W. S. Van Dyke, wakamate filme inayoitwa Trader Horn. Walipita Kenya, Uganda na Kongo ya Wabelgiji. Filme ikatoka mwaka wa 1931, lakini picha nyingi zilibaki katika sanduku. Mwaka uliofuata, 1932, Van Dyke huyohuyo alitoa filme ya Tarzan. Safari hii hakukuwa lazima ya kuvuka bahari. Waigizaji walisimama ndani ya studio kule California, nyuma yao kukawekwa kitambaa kikubwa, na juu ya kitambaa wakaangaza zile picha za Afrika zilizobaki. Yule bibi Mzungu anaangalia Waafrika na kushangaa, kumbe anaangalia kitambaa. Na wale Waafrika walikuwa wamerudi kwao zamani.

Kisha ikaja King Solomon's Mines, ya mwaka wa 1950. Hii ilikamatwa penyewe: maporomoko ya Murchison katika Uganda, Machakos na Rumuruti katika Kenya, Tanganyika, Stanleyville ambayo leo ni Kisangani, inchi ya milima ya moto katika Kongo, na Astrida katika Rwanda, ambayo leo inaitwa Huye. Picha zake zilikuwa nzuri sana, hata zikapata zawadi ya Oscar. Na kwa sababu zilikuwa nzuri, hawakuziacha zipumzike. Mwaka wa 1959 zilishonwa katika filme inayoitwa Watusi, na katika Tarzan nyingine ya mwaka uleule. Mwaka wa 1973 zikatumiwa tena katika Trader Horn mpya.

Tuhesabu kidogo. Kutoka 1950 mpaka 1973 ni miaka 23. Katika miaka ile Kongo ilipata uhuru (1960), Tanganyika (1961), Rwanda na Uganda (1962), Kenya (1963). Kongo ilikuwa imeisha kubadilisha jina, ikaitwa Zaire. Lakini katika sinema, Afrika ilibaki ileile: tembo walewale, vumbi lilelile.

Tena kuna jambo la huzuni. Mwaka wa 1959, wakati filme ya Watusi ilitoka, Rwanda yenyewe ilikuwa inaingia katika machafuko. Mwezi wa Novemba nyumba zilichomwa na watu wakaanza kukimbia. Wengine walifika mpaka kwetu Kivu. Kwa hiyo mtu wa Ulaya aliyeingia sinema siku zile aliona picha za miaka kumi nyuma, za inchi iliyotulia. Inchi iliyokuwa inaungua hakuiona. Kiraka kilikuwa kimefunika jeraha.

D. KIRAKA NDANI YA SIMU

Sasa tufike kwetu. Zamani ilihitaji kompani, sanduku na fundi wa kukata filme. Leo ni kidole kimoja tu. Mtu anachukua video ya zamani, anaandika chini yake «Leo asubuhi», anaituma. Hakuna rangi inayopotea, hakuna uso unaobadilika. Mshono hauonekani.

Tuseme unapata video ya moto wa Nyiragongo, bila tarehe. Ni ya lini? Tarehe 17 Januari 2002 moto ulitoka asubuhi, ukaingia mpaka katikati ya Goma na kufunika sehemu ya kiwanja cha ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ulitoka usiku, ukafika Buhene na kusimama mbele ya kiwanja. Basi ukiona moto mchana katikati ya mji, na mtu anasema ni wa 2021, ujue kwamba ameshona kiraka.

Mwaka ule wa 2021, tarehe 27 Mei, serikali iliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, na watu wengi wakafika Sake na hapa Masisi wakiwa na watoto mgongoni. Tunajua basi kukimbia kunagharimu nini. Mama anaacha maharagwe shambani, mgonjwa anabebwa usiku katika mvua. Kama habari ni ya kweli, kukimbia kunaokoa. Kama ni video ya miaka mitano nyuma, ao ya inchi nyingine, yule mama amepoteza mavuno kwa ajili ya sinema. Na mara ya tatu hatakimbia tena, hata kama hatari iko ya kweli.

Kuna kibaya zaidi. Mtu anachukua picha za maiti za mahali pengine, anaandika: «Angalia vile kabila fulani wamefanya ndugu zetu.» Hiki si kiraka tena. Ni kiberiti katika nyumba ya majani.

Basi, kabla ya kutuma video kwa wengine, tuulize maneno haya:

1. Nani aliyeikamata? Anayenituma alikuwa pale, ao naye alitumiwa tu?
2. Watu wanasema luga gani? Je, ni luga ya mahali panapotajwa?
3. Milima, miti, nyumba na mavazi, ni vya kule kweli?
4. Jua na mvua vinapatana na siku ya leo?
5. Kuna mtu wa pale tunayeweza kumpigia simu?

Kama hatupati jibu, tuiache ilale katika simu yetu. Haitaoza.

KAZI NDOGO KWA WASOMAJI: Safari ijayo mkitazama filme ya Godzilla ao ya Tarzan, chukueni karatasi na kalamu. Kila mara uso, rangi ao mwangaza unapobadilika ghafula, tieni alama. Atakayepata mishono mingi aitaje mbele ya wenzake na aeleze namna alivyoitambua. Jicho lililozoea kuona mshono katika mchezo litauona pia siku ambayo si mchezo.