Chunusi si Uchafu wala Aibu kwa Askari

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo ilitujia akilini tulipokuwa Tororo, tulipokutana na askari kijana ambaye kwa majuma kadhaa alikuwa akiinamisha uso kila alipoitwa mbele ya gwaride. Hakuwa mwoga wala mtovu wa nidhamu. Uso wake ulijaa chunusi. Wenziwe walimcheka: huyu akisema haogi, yule akidai kwamba dawa yake ni kuoa upesi.

Siku ya mapumziko kijana huyo alishuka Busia akanunua kremu ya bei nafuu, isiyo na jina la mtengenezaji. Mwanzoni uso ulitakata, naye akafurahi. Alipoiacha baada ya miezi miwili, chunusi zilirejea maradufu, na ngozi ikawa ikimchoma kila alipopigwa na jua.

Tumeona ni wajibu wetu kueleza chanzo cha jambo hili, maana adui asiyejulikana hapigwi.

CHANZO CHAKE

Ndani ya ngozi mna tezi ndogo zitoazo mafuta kupitia vitundu vya vinyweleo. Tezi hizo ni nyingi zaidi usoni, kifuani na mgongoni. Kijana anapobalehe, homoni za mwili huzichochea zitoe mafuta mengi. Mafuta hayo yakigandamana na chembe za ngozi zilizokufa, kitundu huziba. Vijidudu ambavyo huishi katika ngozi ya kila mtu, awe msafi au mchafu, huzaana humo. Mwili hupambana navyo, na hapo ndipo uvimbe na usaha hutokea. Baadhi ya watu hurithi hali hiyo kutoka kwa wazazi wao.

Basi ieleweke kwamba chunusi hazitokani na kutooga, wala na ujane. Hata ule weusi unaoonekana kwenye kitundu si vumbi, bali ni mafuta na rangi ya ngozi vilivyokutana na hewa. Kuusugua kwa nguvu ni kuuumiza uso bure.

KAZI YETU NAYO

Hata hivyo, kazi ya ulinzi ina mchango wake. Kofia ya chuma, mkanda wa kidevuni, kamba za shanta na fulana ya kuzuia risasi hubana na kusugua ngozi iliyolowa jasho. Matabibu wa jeshi la Uingereza waliona chunusi kali kwa askari waliopigana Asia katika Vita vya Pili vya Dunia, na wale wa Marekani wakaona vivyo hivyo Vietnam katika miaka ya 1960. Joto, jasho na mzigo mgongoni ndivyo vilivyowaponza.

Aidha, vipele vingi vya kidevuni na shingoni si chunusi kamwe. Nywele zetu zimejikunja. Zikinyolewa kwa wembe hadi chini kabisa, ncha zake hurudi kuchoma ngozi kutoka ndani. Mwenye vipele hivyo alowanishe ndevu kwa maji ya uvuguvugu, anyoe kwa kufuata zinakoelekea, na asirudie wembe mahali pamoja mara nyingi.

KREMU ZA MPAKANI

Busia ni mji mmoja uliogawanywa na mpaka, na ni katika mipaka hii ya Busia na Malaba ambako waendesha baiskeli waliupatia ulimwengu neno bodaboda. Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha forodha kimerahisisha biashara ya halali. Lakini njia za panya zingalipo, na kijikebe cha kremu huingia mfukoni kwa urahisi.

Baadhi ya kremu hizo zina steroidi kali. Dawa hiyo hutuliza wekundu kwa muda, kisha huidhoofisha ngozi na kuzaa chunusi mpya. Nyingine zina zebaki, ambayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata, ambao Uganda na Kenya ni wanachama wake, ulianza kutumika mwaka 2017. Na mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Kwa hiyo, polisi anayezuia shehena ya namna hiyo analinda figo za raia, na huenda za askari mwenzake pia.

LA KUFANYA

Mwenye chunusi aoshe uso kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, na tena baada ya mazoezi. Asizitumbue, kwani kutumbua huacha makovu na madoa. Afike zahanati ya kambi apewe dawa inayofaa, kama vile benzoili peroksaidi, akikumbuka kwamba dawa hiyo huchujua rangi ya sare. Awe na subira pia, maana nafuu huchukua majuma sita hadi kumi na mawili. Aliyekwisha kuzoea kremu ya steroidi asiiache ghafla kabla ya kumwona mganga.

Nao makamanda hapana budi wakomeshe dhihaka. Kijana wa Tororo hakusukumwa na chunusi kwenda kununua sumu. Alisukumwa na vicheko vyetu. Askari anayeogopa kuchekwa na wenziwe hawezi kuinua uso wake kumtazama adui.