Bakteria wa Maji Chumvi Katika Nyanda za Juu za Kigoma

Kibondo na Kasulu ziko mbali sana na bahari, lakini wakazi wake wanamfahamu vyema bakteria mmoja mwenye asili ya pwani. Vibrio cholerae, asababishaye kipindupindu, huishi kiasili kwenye midomo ya mito, ambako maji chumvi hukutana na maji baridi. Huko hujishikiza kwenye viumbe vidogo vinavyoelea majini. Nduguye, Vibrio parahaemolyticus, alitambuliwa Osaka, Japani, mwaka 1950, baada ya watu 272 kuugua na 20 kufariki kwa kula dagaa wa baharini waliokaushwa nusu.

Kipindupindu kikishaingia kwa binadamu, hakihitaji tena bahari: kinyesi cha mgonjwa kikifika kwenye maji ya kunywa, ugonjwa husambaa. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walirundikana Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, pasipo vyoo wala maji salama ya kutosha. Wengi walisafirishwa kwa meli hadi Kigoma mjini, kisha kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Mwezi huo wagonjwa walizidi 3,000, na watu wasiopungua 31 walifariki.

Je, dagaa na migebuka waachwe? La. Moto huua bakteria hawa. Samaki waive hadi ndani, waliwe wangali moto, na wasiwekwe kwenye chombo kilichobeba samaki wabichi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na mikono inawwe kwa sabuni.

Kinachoua ni upungufu wa maji mwilini. Mtu anayeharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele aanze mara moja kunywa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa kituoni. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya.

Mhudumu asisubiri majibu ya maabara. Mgonjwa aliyelegea, mwenye macho yaliyodidimia na mapigo dhaifu, apewe Ringer Lactate kwa mshipa: kwa mwenye umri wa mwaka 1 au zaidi, mililita 30 kwa kila kilo ndani ya dakika 30, kisha 70 kwa saa mbili na nusu. Antibiotiki husaidia, lakini haichukui nafasi ya maji. Tiba ikiwahi, vifo hushuka chini ya mgonjwa 1 kati ya 100.