Murusagamba, Nyumbani Mpakani

Ikitajwa Ngara wengi wenu mnakumbuka wakimbizi. Mimi nakumbuka kwanza migomba, maharage, na baridi ya asubuhi inayomfanya mama ambebe mtoto mgongoni kwa khanga mbili. Nilizaliwa huko, kata ya Murusagamba, upande wa Burundi.

Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Washubi. Kihangaza na Kirundi ni ndugu. Sokoni watu wa pande mbili huelewana bila mkalimani. Si ajabu, kwani Bugufi ilikuwa chini ya mwami wa Burundi kabla ya wakoloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi iliyokuwa ya Wajerumani, na Bugufi ikabaki Tanganyika. Mpaka ukapita katikati ya koo: shangazi huku, mpwa kule.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka kwa maelfu. Nilikuwa bado mtoto. Jioni moja mama alimkuta mgeni kando ya shamba letu, amepakata kichanga, maziwa yamemkauka. Alimpa uji, akampisha kitanda. Baba akauliza, "Na wetu watakula nini?" Mama akajibu, "Watakula kidogo." Kweli tulikula kidogo siku nyingi, nami nilinung'unika.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja hivi, wakajaa Benaco. Miti ikaisha kwa kuni. Chuki nayo ikaingia, maana mgeni alipewa unga wa msaada na mwenyeji hakupewa. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Wanyarwanda wengi walirudishwa Desemba 1996, na kambi ya Lukole ya Warundi ikafungwa mwaka 2008.

Leo mimi ni muuguzi. Juzi, kwenye foleni ya kupima watoto, kijana mmoja alimwita mwenzake "mkimbizi" kama tusi. Mama yake akacheka.

Mama mwenzangu, tusicheke. Mweleze mwanao mpaka ulivyokata koo zetu, na jinsi bibi yake alivyopunguza chakula chake ili mtoto wa mwingine aishi. Miti tunaweza kuipanda upya. Utu tusipowafundisha watoto sisi, nani atawafundisha?