Mbwa Asiye na Mwenyewe

Zamani, katika njia za mji wa London, Uingereza, mbwa wengi walizungukazunguka bila mwenyewe. Wengine walipotea, wengine walifukuzwa nyumbani. Walilala mvuani, walikula takataka, wengi wakafa kwa njaa.

Mwaka 1860 mama mmoja, jina lake Mary Tealby, aliwahurumia. Akafungua nyumba ya mbwa waliopotea katika mtaa wa Holloway. Watu wengi wakamcheka. Walisema kwamba kulisha mbwa ni upuzi, maana maskini wenyewe wana njaa. Yeye hakuacha kazi yake. Alikufa mwaka 1865, lakini nyumba yake haikufa. Mwaka 1871 ilihamishwa mtaa wa Battersea, na hata leo ipo.

Katika nyumba kama ile mna mbwa wa kila namna. Wengi ni mchanganyiko: baba ni wa aina moja, mama wa aina nyingine. Mbwa wa namna hii hana ukoo wa sifa. Lakini anaweza kumpenda bwana wake sawasawa na mbwa wa bei kubwa.

Katika Uingereza, mbwa akiokotwa njiani, hapewi mtu mara moja. Sheria yasema angojewe siku 7, labda mwenyewe atakuja kumtafuta. Mganga wa wanyama humtazama meno, macho, masikio na ngozi. Humchanja na kumpa dawa ya minyoo. Mwenyewe asipoonekana, mbwa hutafutiwa nyumba mpya.

Mtu anayemtaka huulizwa mambo mengi. Nani atakuwa nyumbani mchana? Nani atamtembeza kila siku? Je, kuna watoto wadogo? Kwa nini kuuliza hivi? Kwa sababu mbwa mdogo huweza kuishi miaka 12, hata 15. Mtoto akimpata akiwa darasa la kwanza, atakuwa mtu mzima, na mbwa angali anataka chakula chake. Mtu anayetaka kucheza naye siku chache tu, afadhali asimchukue.

Mbwa aliyepigwa hasahau upesi. Akifika nyumba mpya hujificha chini ya meza ao kitanda. Mtu akiinua mkono, yeye hutetemeka. Asivutwe, asipigiwe kelele, asiguswe akila ao akilala. Awekewe maji na chakula, kisha aachwe atulie. Siku moja atatoka mwenyewe, atakuja kunusa mkono wa mtu. Hapo urafiki umeanza. Subira yavuta heri.

Huko Uingereza mbwa hawana tena ugonjwa wa kichaa. Lakini katika Kongo ugonjwa huo upo, nao huua watu. Kwa hiyo mtoto asimshike mbwa asiyemjua, hata akiwa mdogo na mwenye kusikitisha. Kwanza awaambie baba na mama. Na mbwa anayechukuliwa nyumbani achanjwe.

Mbwa akimwuma mtu, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Kisha mtu aende hospitali siku ileile, apigwe sindano. Asingoje kuona kama ataugua. Ugonjwa ukisha kuonekana, karibu hakuna anayepona.

Kumhurumia mbwa ni jambo jema. Lakini huruma ya siku moja haimshibishi. Anayemchukua mbwa amlishe leo, na kesho, na mwaka ujao.

Maulizo
1. Kwa nini watu walimcheka Mary Tealby?
2. Kwa nini mbwa aliyeokotwa hungojewa siku 7?
3. Mbwa akimwuma mtu, ni lazima kufanya nini kwanza, na kisha nini?