Mwanya wa Injini: Ufundi wa Kuiketisha Injini katika Chasisi ya Hotirodi

Utangulizi

Hotirodi ni gari kuukuu, aghalabu la Kimarekani, lililopunguzwa uzito na kutiwa injini yenye nguvu kuliko ile liliyotoka nayo kiwandani. Utamaduni huu ulishika mizizi kusini mwa California kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana waliposhindania kasi kwenye maziwa makavu kama vile Muroc. Mnamo 1937 vilabu vyao viliunda Southern California Timing Association, na Januari 1948 toleo la kwanza la jarida la Hot Rod likachapishwa. Makala haya yananuia kufafanua hatua moja tu ya ufundi huo, nayo ni kuiketisha injini ngeni katika chasisi, yaani fremu ya chuma inayolibeba gari, kwa kuacha mwanya wa kutosha kila upande. Hoja kuu ni kwamba mwanya haupimwi kwa injini iliyotulia, bali kwa injini iliyo kazini.

Chanzo cha Tatizo

Gari lililopendwa mno na mafundi hawa ni Ford ya 1932, iliyotoka na injini ya V8 ya lita 3.6 yenye nguvu za farasi 65. Mnamo 1955 Chevrolet ilitoa V8 ya lita 4.3 ambayo ilikuwa nyepesi, ndogo na yenye nguvu maradufu. Haikuchukua muda kabla ya wengi kutamani kuiweka injini ya Chevrolet ndani ya gari la Ford.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Katika V8 ya Ford ya 1932, distribyuta, yaani kifaa kinachogawia plagi umeme, ilikuwa upande wa mbele. Katika Chevrolet ilikuwa nyuma, karibu kabisa na bamba la chuma linalotenganisha injini na abiria. Fundi akiisogeza injini mbele ili kuiokoa distribyuta, feni huikaribia rejeta. Akiirudisha nyuma, bamba humzuia. Akiiinua, boneti haifungi; akiishusha, sampu ya oili huikabili ekseli ya mbele. Kwa hiyo, kila upenyo unaopatikana upande mmja umekopwa kutoka upande mwingine. Methali huonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii, asiyeacha mwanya ndiye hulazimika kuubomoa ukuta, kwani hana budi kulikata bamba hilo na kulifinyanga upya.

Injini Haitulii

Kosa la kawaida ni kuiona injini kama jiwe lililopachikwa mahali pake. Kwa hakika injini hukalia vipande vya mpira ambavyo huipokea mitetemo yake isiwafikie abiria. Dereva akanyagapo mafuta kwa ghafla, kranki shafti huzunguka upande mmoja na bloku ya injini hujipinda upande wa pili, kwa kuwa kila nguvu huzaa nguvu kinzani. Katika V8 nyingi za Marekani zilizolazwa kwa urefu wa gari, upande wa kushoto wa injini ndio huinuka.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwishoni mwa 1971. Kampuni ya General Motors iliyarejesha gereji zaidi ya magari milioni 6, mengi yakiwa ya Chevrolet ya miaka ya 1960. Mpira wa kushoto uliweza kuraruka, injini ikainuka na kuvuta mtambo wa mafuta, na gari likaongeza kasi bila ya ridhaa ya dereva. Suluhisho lilikuwa kufunga kizuizi cha kuizuia injini isiinuke. Ikiwa hayo yaliwezekana katika gari lililosanifiwa na wahandisi, hatari huwa kubwa zaidi pale fundi anapokisia kwa macho.

Aidha, si injini pekee inayosogea. Gurudumu likipiga shimo, springi hujikunja na ekseli hupanda kuelekea sampu. Bomba la moshi nalo hutanuka kwa joto.

Hatua za Upimaji

Kwanza, gari husimamishwa kwa kimo kile kile litakachokuwa nacho barabarani, huku bodi, rejeta na mhimili wa usukani vikiwa mahali pake. Kupima chasisi tupu ni kujidanganya.

Pili, bloku isiyo na vyuma vya ndani huninginizwa ili iwe nyepesi kusogezwa. Hata hivyo, ni lazima ivikwe kila kinachotokeza nje: sampu, stata, feni, distribyuta, mabomba ya moshi na giaboksi.

Tatu, injini huinamishwa nyuma kwa takribani digrii 3. Kikalio cha kabureta huchongwa kwa mshazari wa kuufidia mwinamo huo, hivyo kabureta hubaki sawa. Shafti inayotoka kwenye giaboksi na ile inayoingia kwenye ekseli ya nyuma hutakiwa kuwa sambamba, la sivyo gari litatetema.

Nne, mianya hupimwa. Kati ya feni na rejeta, mafundi wengi huacha takribani milimita 25. Ekseli hupandishwa hadi mwisho wa safari yake ili kuona kama itaigusa sampu. Usukani huzungushwa pande zote mbili ili kuhakikisha kuwa hakuna kiungo chake kinachokwaruza injini wala bomba la moshi. Hatimaye huangaliwa kama mkono na spana vinaweza kuifikia plagi ya mwisho na kuitoa stata.

Tano, vishikizo vya injini huchomelewa kwa nukta chache tu. Injini hutolewa, hurudishwa, na vipimo hurudiwa. Uchomeleaji kamili hufanywa baada ya hapo.

Mwanya na Nafasi

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kazi hii inadhihirisha haja ya kutenga maana. Mwanya ni umbali kati ya vitu viwili vilivyokaribiana, na ndiyo sababu pengo la meno ya mbele, linalohesabiwa kuwa urembo, huitwa hivyo. Nafasi ni pana zaidi. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia neno nafsi na unahusiana na kupumua. Feni na rejeta huhitaji mwanya; mkono wa fundi huhitaji nafasi. Injini yaweza kuwa na mwanya pande zote na bado ikakosa nafasi ya kutengenezwa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kuiketisha injini si suala la kuifanya iingie tu. Injini iliyoingia inaweza kuonekana salama gari likiwa limeegeshwa, lakini hukumu hutolewa barabarani, pale nguvu, joto na mashimo vinapokutana. Fundi mwenye busara huupima mwendo kabla gari halijaondoka gereji.