Pai ya viazi na nyama ya kusaga: bata mzinga au steki ya bucha la Mbulu?

Anayetaka kupunguza mafuta mezani husikia ushauri ule ule kila mahali: acha nyama nyekundu, kula bata mzinga. Ushauri huo umetoka Marekani, ambako nyama ya bata mzinga iliyokwisha kusagwa hukaa kwenye majokofu ya maduka mwaka mzima. Mama wa nyumbani wa huko anachukua pakiti, anarudi jikoni, kazi imekwisha. Ukiuleta ushauri huo Mbulu mjini, Haydom au Katesh, hesabu inageuka, na inafaa tuifanye kwa makini kabla mtu hajatoa pesa yake.

Chakula chenyewe ni pai ya wachungaji wa Uingereza. Chini kuna nyama ya kondoo ya kusaga iliyoungwa na vitunguu na karoti. Juu viazi vilivyopondwa. Kisha vyote vinapata moto mpaka uso uwe wa kahawia. Kwa watu wa Mbulu na Hanang hakuna kitu kigeni hapo. Kondoo wapo kwenye mazizi ya Wairaqw na Wadatoga, viazi mviringo vinalimwa nyanda za juu za Mbulu, na vitunguu swaumu vya Mbulu vinajulikana hadi masoko ya mbali. Kwa hiyo vitu karibu vyote unavyo. Linalobaki ni kuchagua nyama gani iende chini, na kitu gani kiende juu.

Tuchukue pai ya watu sita, yenye gramu 600 za nyama isiyo na mfupa. Ukinunua nyama ya ng'ombe ya kusaga ya kawaida, ile ambayo muuzaji amechanganya vipande vya mafuta, mara nyingi humo mna mafuta asilimia 20. Ni gramu 120 za mafuta katika sufuria moja. Kondoo wa kusaga huwa sawa na hapo au zaidi, na kondoo wetu wenye mkia mnene wanahifadhi mafuta mengi mkiani. Mkia huo usiingie kwenye mashine. Bata mzinga wa kusaga anayesifiwa huko Marekani, yule aliyeandikwa kuwa asilimia 93 ni mnofu, ana gramu kama 42 tu. Lakini huko huko wanauza pia pakiti ya asilimia 85, iliyosagwa pamoja na ngozi na mapaja, na hiyo ina gramu 90. Jina la ndege peke yake halikuhakikishii wepesi.

Sasa steki. Ukienda buchani ukaomba steki ya paja la nyuma, ukamwambia muuzaji aondoe utando na mafuta mbele yako, kisha ndipo aitie kwenye mashine, unapata nyama yenye mafuta kama asilimia 5. Gramu 600 zina gramu 30. Umempita bata mzinga wa asilimia 93 kwa nyama ya ng'ombe aliyechungwa hapa hapa, bila kwenda mbali.

Kwa upande wa gharama nitatumia bei za mfano. Wewe weka za bucha lako, njia ya kupiga hesabu haibadiliki. Tuseme steki ni shilingi 12,000 kwa kilo na mchanganyiko, yaani nyama yenye mifupa, ni 10,000. Wengi hukimbilia mchanganyiko kwa sababu ya ile 2,000. Lakini mfupa ukichukua robo ya kilo, kilo ya mnofu inakufikia kwa zaidi ya 13,300. Kwa supu, mchanganyiko una maana. Kwa kusaga, steki ndiyo rahisi. Gramu zako 600 zitagharimu 7,200.

Kuku wa kisasa aliyechinjwa na kusafishwa, mwenye kilo 1.3, akitolewa mifupa na ngozi hubaki na nyama kama gramu 700. Akiuzwa 10,000, gramu 600 zimekugharimu kama 8,600, na mifupa inabaki ya kutengeneza supu ya kesho. Yuko karibu na steki kwa bei, na kidari chake kina mafuta kidogo kuliko nyama zote hizi. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Nyama yake ni tamu lakini ngumu na kidogo, na bei yake hubeba thamani ya jogoo wa mgeni na wa sikukuu. Kumtoa mifupa kuku wa 20,000 ili umsage ni hasara, naona pia ni kumkosea heshima. Mchemshe, mle supu.

Halafu bata mzinga. Wapo wanaowafuga, na huonekana zaidi kuelekea Krismasi na Mwaka Mpya, lakini anauzwa akiwa hai na mzima. Jike wa kilo 5 atatoa nyama tupu kama kilo 2.5. Tuseme ni 80,000: kila kilo ya nyama ni 32,000, na sufuria yako moja ni 19,200. Juu ya hapo huwezi kununua sufuria moja. Unatoa 80,000 zote siku hiyo hiyo, kisha unahitaji jokofu la kugandisha nyama iliyobaki. Asiye na jokofu atalazimika kula bata mzinga mfululizo au kuwagawia majirani. Kugawa ni jambo jema, lakini halipunguzi gharama ya pai.

Anayefikiria kufuga ili ajitegemee apime vizuri. Vifaranga vya bata mzinga ni dhaifu, vinahitaji joto wiki nyingi za mwanzo, na baridi ya Mbulu ya Juni na Julai haivihurumii. Kuwachanganya na kuku banda moja ni hatari, maana kuna ugonjwa wa ini ambao kuku huubeba kupitia minyoo bila kuonyesha dalili, na bata mzinga wakiupata hufa kwa wingi. Mwenye eneo la kuwatenga, chanjo ya kideri na mabaki ya mahindi shambani anaweza kufaulu, na kwake yeye bata mzinga ni mboga ya nyumbani, si ya kununua. Huyo ndiye pekee ambaye ningemwambia asage bata mzinga bila wasiwasi.

Nguruwe pia anaingia kwenye hesabu hii, maana anafugwa sana Mbulu na bei yake huvutia. Hapa nasema kwa msisitizo. Tegu wa nguruwe amechunguzwa na watafiti katika wilaya hii kwa miaka mingi, na mayai yake yakimwingia mtu huweza kuzaa malengelenge kwenye ubongo yanayoleta kifafa. Nyama ya nguruwe ikishasagwa huwezi tena kuyaona malengelenge ya tegu yaliyomo. Usinunue nguruwe wa kusaga bila kuona mhuri wa mkaguzi kwenye mzoga, na usinunue ya mlangoni kwa jirani aliyechinja usiku.

Chaguo ninalolipenda ni kugawa sufuria: gramu 300 za steki na gramu 300 za maharage yaliyochemshwa. Maharage makavu gramu 130 yanatosha kutoa kiasi hicho. Kilo ya maharage ikiwa 3,000, hayo ni kama shilingi 400. Steki 3,600 na maharage 400, jumla 4,000, zaidi kidogo ya nusu ya gharama ya steki tupu. Mafuta yanashuka hadi gramu kama 16 kwa sufuria nzima, na utumbo unapata nyuzinyuzi ambazo hakuna nyama inayozitoa. Ponda maharage nusu, mengine yaache mazima, ili yashikane na nyama. Mbaazi zinafaa pia kwa wale wa Hanang wanaozivuna.

Tatizo la maharage ni moto. Mji wa Mbulu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 94 badala ya 100, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu na mkaa mwingi kuliko Tanga. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha, ukiwa na jokofu la kugandisha, chemsha ya wiki nzima kwa mara moja. Mwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 ataona tofauti hiyo mwisho wa mwezi.

Na kwenye viazi ndipo watu wengi hupoteza faida yote waliyoitafuta kwenye nyama. Mapishi mengi husema weka gramu 100 za siagi ndani ya viazi vilivyopondwa. Siagi hiyo ina gramu 80 za mafuta. Kutoka ng'ombe wa kawaida kwenda bata mzinga uliokoa gramu 78. Siagi imekurudisha ulikotoka na kuzidisha. Aliyehangaika na bata mzinga wa 80,000 kisha akamwaga siagi juu yake amelipa bure.

Kwa kilo 1.2 ya viazi, acha kikombe cha maji uliyochemshia, ponda vikiwa moto, tia maji hayo kidogo kidogo, kisha vijiko vichache vya mtindi ulioondolewa utando wa mafuta. Uchachu wa mtindi unafanya kazi ambayo watu huidhania ni ya siagi. Boga la shambani likichanganywa na viazi nusu kwa nusu linapunguza nguvu ya chakula zaidi, kwa sababu boga lina maji mengi. Likaushe kwanza motoni ndani ya sufuria tupu, la sivyo pai italowa. Viazi ununue kwa sado au kwa kilo, na anayenunua gunia akumbuke kwamba lumbesa imekatazwa.

Nyama iungwe kwa kijiko kimoja cha mafuta, si kikombe. Vitunguu maji viwili, karoti, nyanya, na vitunguu swaumu kwa ukarimu, kwa sababu ladha ambayo mafuta yangeleta lazima itoke mahali. Vidonge vya kuongeza ladha vina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na kidonge kimoja kinaweza kuchukua sehemu kubwa ya hizo. Tumia kimoja ukiacha chumvi, au kiache kabisa.

Hakuna haja ya kununua oveni. Kila kitu kimeshaiva kabla ya kupangwa, moto wa mwisho ni wa kushikanisha na kupaka rangi. Mwenye jiko la mkaa aweke makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, kama anavyooka keki, kwa dakika 20. Mwenye gesi afunike na kupunguza moto kwa dakika 10. Uso hautakuwa wa kahawia, na ladha haitapungua.

Kwa nyumba nyingi za Mbulu na Hanang, basi, nunua gramu 300 za steki iliyosafishwa mbele ya macho yako, ongeza maharage, na siagi iache dukani. Kuku wa kisasa awe wa siku ambazo bucha halina steki nzuri. Bata mzinga mnunue mzima kwa ajili ya sikukuu, mle pamoja na wageni, na kinachobaki ndicho kisagwe kwa pai ya siku ya pili.