Namba ya Baba Kiwandani

Kati ya sensa ya 1999 na ile ya 2009, Kenya iliongeza watu karibu milioni 10. Nyeri iliongeza elfu 32 tu, kutoka 661,156 hadi 693,558. Kama ingekua kwa kasi ya nchi nzima, ingeongeza zaidi ya laki mbili. Sehemu ya pengo hilo ni watoto ambao hawakuzaliwa, kwa kuwa familia za huku zilianza kupanga uzazi mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Wengine walizaliwa, wakasoma, kisha wakapanda matatu za Nairobi, Nakuru na Nanyuki wasirudi isipokuwa kwa mazishi na Krismasi.

Muongo huo ulifuata pigo ambalo wakulima wa Nyeri, kuanzia Othaya na Tetu hadi Mathira, hawajalisahau. Julai 1989 mfumo wa kimataifa uliokuwa ukizigawia nchi viwango vya kahawa ya kuuza ulivunjika, na bei ikaanguka. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilikuwa imevuna zaidi ya tani 120,000; miaka ya karibuni haifikishi hata nusu ya hizo. Mapato yalipopungua, wanachama wa vyama vya ushirika waligeukiana. Chama kikubwa cha Mathira kiligawanyika vipande vipande, kila kundi likitaka kiwanda chake. Watu waling'oa mibuni wakati sheria ingali inakataza kuing'oa bila kibali, wakapanda mahindi na majani ya ng'ombe.

Kabla ya hapo kahawa ilikuwa imefanya kazi kubwa. Baridi kali ya 1975 iliunguza mashamba ya Brazil, na mwaka 1976 na 1977 fedha zikamiminika vijijini kwetu. Zilijenga nyumba za mawe, zikachangwa kwenye harambee za shule, na zaidi ya yote zikalipa karo. Mzazi aliyekuwa akichuma kahawa tangu alfajiri alijua vizuri karo hiyo inampeleka mtoto wapi: ofisini, darasani, hospitalini, mbali na jembe. Kuondoka kulikuwa mpango wa nyumba nzima, na shamba ndilo lililougharimia.

Ndiyo maana lawama kwamba vijana wa siku hizi wanaikimbia ardhi ya mababu huwa naiona si haki. Watu wa Nyeri wamekuwa wakihama tangu enzi za mkoloni, walipokwenda Bonde la Ufa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, aliishi sehemu ya utoto wake katika shamba la mzungu huko Nakuru ambako babake aliajiriwa. Mama yake alimrudisha Nyeri, akasoma Ihithe, Mathari na Limuru, na mwaka 1960 akaenda chuoni Kansas, Marekani. Baada ya uhuru wengine walihamia Nyandarua na Laikipia kutafuta ekari ambazo kwao hazikuwepo.

Tofauti ya leo ni kile anachoondoka nacho kijana. Wa 1977 aliondoka na cheti kilicholipiwa na mibuni. Wa leo mara nyingi huondoka na deni, au na pesa za kipande cha shamba kilichouzwa ili wakala alipwe, pasipoti ipatikane na tiketi ya Ghuba ikatwe. Njia halali zipo na zinaongezeka: Kenya ilitia saini makubaliano ya wauguzi na Uingereza mwaka 2021, na ya wafanyakazi na Ujerumani Septemba 2024. Muuguzi mwenye leseni anayepitia huko ana mkataba na mshahara anaoujua kabla hajapanda ndege. Huyo simzuii. Ninayemhofia ni yule ambaye familia yake imeuza robo ekari kwa ahadi ya simu. Mkataba ukiharibika, atarudi akute ua wa mtu mwingine.

Hata hivyo, ukimsikiliza kijana wa Mukurweini anayepima aende au abaki, utagundua kwamba bei ya kahawa si kikwazo kikubwa kama tunavyodhani. Bei imepanda. Miaka hii vyama kadhaa vya ukanda wa Mlima Kenya vimelipa zaidi ya shilingi 100 kwa kilo ya kahawa mbivu, malipo ambayo mkulima wa mwanzoni mwa karne hii asingeyaamini. Kinachomkwaza ni namba.

Kila mwanachama wa chama cha kahawa ana namba yake kiwandani. Kwa namba hiyo kahawa hupimwa, mbolea hukopwa, malipo huingia benki na kura hupigwa mkutanoni. Kwenye chai ni vilevile: kuanzia Chinga hadi Gathuthi, bonasi huingia katika akaunti ya mwenye namba. Na mara nyingi mwenye namba ni baba. Kijana wa miaka 35 hupogoa, hunyunyizia dawa, huchuma na kubeba magunia, kisha hungoja mzee aende benki na aamue atampa ngapi. Hawezi kung'oa mibuni mizee apande ya aina mpya kama Ruiru 11 au Batian. Hawezi kuweka hati ya shamba rehani. Kwa miaka yote hiyo yeye ni kibarua asiye na mshahara katika shamba ambalo kila mtu humwambia ni lake.

Hali ni mbaya zaidi pale mwenye namba alipofariki zamani. Yapo mashamba mengi ambayo hati yake bado ina jina la babu, na kahawa yake bado hupimwa kwa namba ya marehemu. Ndugu watano wana haki hapo, watatu wako Nairobi, mmoja yuko Dallas, na anayelima ni wa tano. Akipanda miche mia mbili, hajui kama siku ya kugawana shamba miche hiyo itaangukia upande wake. Kwa hiyo hapandi. Na asipopanda, huanza kuuliza nauli ya Nanyuki ni ngapi, kwa kuwa Nanyuki kuna mashamba ya maua na mboga ya kuajiriwa, kuna kambi za jeshi na hoteli, na mshahara wa huko, hata ukiwa mdogo, huingia kwa jina lake.

Mabinti wana uamuzi mgumu zaidi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haimbagui binti, na Katiba ya 2010 imelitia nguvu jambo hilo. Lakini katika maboma mengi msichana hulelewa akijua kwamba hana kipande hapo. Tunashangaaje basi akiwa wa kwanza kuondoka?

Wazazi wenye hati mkononi wanaweza kubadilisha mizani hii wangali hai. Mzee anaweza kumgawia mwanawe au bintiye sehemu sasa, wakaenda pamoja kwenye bodi ya udhibiti wa ardhi kupata idhini, na mtoto akaomba namba yake mwenyewe chamani. Pale mwenye shamba alipokwisha kufa, familia huanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote, halafu mahakama. Si lazima kwenda Nairobi: Karatina, Othaya na Mukurweini zina mahakama za hakimu, na urithi wa thamani iliyo ndani ya mamlaka yao husikizwa huko. Kwa kawaida hati ya usimamizi huthibitishwa baada ya miezi sita. Kinachochukua miaka ni ndugu kukataa kukutana.

Ndugu wa Nairobi na wa Dallas wana neno zaidi hapa kuliko mtu yeyote. Karo yao ilitoka shambani hapo. Wakitaka kumsaidia yule aliyebaki, wasianze na kumtumia elfu mbili za mbolea kwa M-Pesa. Waweke sahihi kwenye karatasi zitakazompa ekari yake na namba yake. Akishakuwa nazo, na bado akachagua Nanyuki au Berlin, aende kwa baraka zote, na shamba alikodishe kwa jina lake.